MOYO UNAPOSHIKWA NA VIJIDUDU: DAMU INATWAMBIA NINI?



Si kila homa ni malaria. Homa ikipita wiki mbili na dawa haikuiondoa, jasho linatoka usiku, mwili unakonda, pumzi inakukatika ukipanda mlima, fika dispanseri. Pengine vijidudu vimeshika vali, yaani milango midogo ya ndani ya moyo. Asiyetibiwa hufa.

Kwa kawaida damu ya mgonjwa hutiwa ndani ya chupa ili vijidudu viote, vionekane. Lakini viwili huwa havioti hivyo, navyo vinapenda hali tunazozijua Masisi na Walikale:

1. Bartonella quintana. Huletwa na chawa wa nguo, mahali watu wanapolala wakibanana. Mwaka 1997, katika kambi za waliohama makwao Burundi, waganga walikikuta pamoja na tifusi iliyoitwa sutama.

2. Coxiella burnetii. Hutoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, zaidi wanapozaa. Mtu hukivuta pamoja na vumbi.

Hapo tunawatafuta askari wa damu, yaani kingamwili. Kila kijidudu kina askari wake. Laboratwari huzimua maji ya damu mara 100, mara 200, mpaka mara 800 na zaidi. Askari wa Bartonella wakionekana hata katika mara 800, ni dalili kubwa kwamba moyo umeshikwa. Kwa Coxiella, kipimo cha askari wa awamu ya kwanza kinapaswa kupita 800. Wakiwa wachache, pengine ulikutana na kijidudu zamani tu. Kwa hiyo daktari hutazama pia moyo kwa ekografi.

Kipimo hiki hakifanyiki kila mahali. Mara nyingi damu husafirishwa mbali. Tena hujibu lile tu lililoulizwa. Basi maneno yako ndiyo yanayotuonyesha la kuuliza.

SHIKA HAYA:
– Usinunue antibiotiki na kuzimeza kabla damu haijatolewa.
– Mwambie muganga: una chawa? Ulizalisha mnyama? Moyo wako una ugonjwa wa zamani?
– Chemsha nguo na mablanketi yenye chawa.
– Fukia kondo la mnyama, kisha nawa kwa sabuni.
– Maliza dawa. Ya Coxiella moyoni humezwa miezi 18 au zaidi.

Usinyamaze: chawa si haya, ni habari ambayo muganga anaihitaji.