Akina Mama Waliosema "Yatosha!"

Je, akina mama wa mji mdogo wanaweza kuipunguza pombe mjini kwao? Soma kisa hiki.

Fitzroy Crossing iko kaskazini magharibi mwa Australia. Wakazi wake wengi ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kufikia mwaka 2006 mazishi yalikuwa hayaishi. Ulevi ulileta vipigo majumbani na ajali, na vijana wengine walijiua.

Mwaka 2007 akina mama walikaa kikao. Wakiongozwa na June Oscar na Emily Carter, waliiomba serikali izuie pombe kali isiuzwe kwa watu wa kwenda kunywea nyumbani. Wako waliowapinga, hata jamaa zao. Hawakurudi nyuma, ng'o!

Kuanzia Oktoba 2007, pombe ya kuondoka nayo haikuruhusiwa kuzidi asilimia 2.7 ya kilevi. Vipigo vikapungua. Majeruhi hospitalini nao wakapungua.

Je, ulevi uliisha kabisa? La. Wengine walisafiri miji mingine kuifuata pombe. Basi akina mama wakaendelea na kazi: waliwaita wataalamu wawapime watoto walioathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Kumbuka, mjamzito akinywa, mtoto naye anakunywa.

Mwaka 2017 June Oscar akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamishna wa haki za jamii wa wenyeji wa Australia.

Jadilini darasani:
1. Kwa nini jamaa wengine waliwapinga?
2. Mtaani kwenu pombe inaumiza nani? Ninyi mnaweza kuanzia wapi?