Kutoka Woga hadi Huruma: Makuzi ya Shujaa na Funzo Lake kwa Fasihi ya Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii inawagawa wanadamu katika makundi mawili: mwoga anayesalimika na shujaa anayeliliwa. Makala hii inadai kwamba mgawanyo huo hautoshi kumweleza mhusika anayeanza akiwa mwoga na kuishia akiwa na nguvu zenye huruma. Mfano mkuu ni maisha ya bondia Ramla Ali, yakilinganishwa na masimulizi ya Fumo Liyongo na kisa cha mwalimu Salah Farah.

Shujaa wa Kuzaliwa

Mto Tana unaopita Garissa huingia baharini karibu na Kipini, eneo linalohusishwa na Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hajifunzi nguvu, anazo tayari. Hata anapokata roho kisimani, akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Nguvu za namna hii hustaajabisha, lakini hazimwonyeshi kijana mnyonge pa kuanzia.

Shujaa wa Kujengwa

Ramla Ali alizaliwa Mogadishu. Kaka yake alipouawa kwa kombora, familia ilikimbilia Kenya, kisha ikahamia London. Ikumbukwe kwamba vita hivyo ndivyo vilivyosababisha kufunguliwa kwa kambi za Dadaab, Garissa, kuanzia mwaka 1991. Alipokuwa kijana shuleni, Ramla alidhihakiwa kwa sababu ya unene. Akaanza mazoezi, akakutana na ndondi, na kwa miaka kadhaa akaificha familia yake jambo hilo. Mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa ndondi za ridhaa Uingereza. Mwaka 2018 alianzisha darasa la bure la kuwafunza wanawake kujilinda. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa bondia wa kwanza kuiwakilisha Somalia, ingawa alishindwa katika pambano lake la kwanza.

Tukiyasoma maisha haya kama msuko wa riwaya, kilele chake ki wapi? Msomaji mwepesi atataja ubingwa wa 2016. Hata hivyo, hadithi ikiishia hapo, inasimulia mnyonge aliyepata nguvu tu, na nguvu hizo zingeweza kugeuka kisasi. Kilele ni darasa la 2018, kwa kuwa hapo mhusika anakirudia chumba cha woga wake na kuwafungulia wengine mlango. Kwa hiyo huruma yake si kinyume cha woga. Ni tunda lake. Ndiyo maana kushindwa Tokyo hakuuvunji msuko: dhamira haikuwa ushindi.

Kipimo cha Ushujaa

Dai hili lina uzito wa pekee Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Desemba mwaka huohuo, basi liliposhambuliwa likielekea Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016. Filamu *Watu Wote* ya mwaka 2017, yenye mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali, ilitokana na mkasa huo.

Farah hakuwa na silaha. Kilio kilikwenda kwake, kama methali isemavyo, lakini ushujaa wake haukupimwa kwa ngumi bali kwa watu aliowakinga. Kipimo hichohicho ndicho kinachomtenga mpiganaji na mbabe.

Hitimisho

Mwanafunzi anayetunga hadithi ya kijana wa Garissa anayejifunza karate au ndondi asitosheke na kuuliza, "Atamshinda nani?" Aulize pia, "Akishapata nguvu, nani atalala salama kwa sababu yake?" Jibu la swali hilo la pili ndilo litakaloonyesha iwapo mhusika amekua, au ameongeza misuli tu.