Yale Maji ya Barabara ya Mombo



Ukishuka kutoka Mponde asubuhi, unaacha nyuma ukungu na baridi ya mashamba ya chai. Ukifika Mombo, sweta linavuliwa. Sasa panda gari la kuelekea Same mchana wa jua kali, ukae mbele karibu na dereva. Utaona dimbwi limetanda juu ya lami, linang'aa kabisa. Gari likikaribia, dimbwi nalo linasogea mbele. Hulifikii ng'o!

Hayo ndiyo mazigazi, au sarabi. Je, macho yanaota? Hapana. Piga picha kwa simu, nayo itayanasa. Lami iliyochomwa na jua hupasha hewa iliyo karibu nayo, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko ile ya juu. Mwanga wa anga unaoshuka kuelekea barabarani ukipita humo hupinda, ukainuka hadi machoni mwako. Ubongo umezoea mwanga ulionyooka, basi unadhani umetoka chini. Kumbe unachokiona ni kipande cha anga! Na kwa kuwa hewa ya moto inachezacheza, kinameremeta kama maji. Mwaka 1798 wanajeshi wa Napoleon waliyaona huko Misri, na Gaspard Monge, mwanahisabati aliyekuwa nao, akaeleza chanzo chake.

Yaani mwanga ni wa kweli. Tafsiri yetu ndiyo inayokosea. Kwa hiyo aliyedanganyika tusimcheke.

Wengi wetu tunashuka milimani kufuata ahadi ya kazi mjini au Uarabuni. Unaambiwa tuma hela ya fomu. Ukituma, kuna ya vipimo. Ukilipa hiyo, kuna ya viza. Kila ukikaribia, kazi inasogea. Ndugu yangu, simama hapo hapo, usiuze hata kuku. Maji ya kweli hayakimbii. Yanakungoja ufike, uyaguse.

Soma Isaya 35:7. Neno la Kiebrania lililomo, sharab, linafanana na sarabi yetu iliyotoka Kiarabu. Nabii anaahidi kwamba pale pale penye ukame na joto patakuwa na maji ya kunyweka. Ahadi ya Mungu haisogei.

Swali la wiki: ni ahadi gani unayoifuata sasa ambayo kila ukikaribia inasogea? Mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla hujatuma hela tena.