SOMO: KIMEA CHA WIMBI SI CHA BUSAA PEKEE

Somo hili linahusu kitu ambacho wengi wenu mnakijua kuliko sisi tunaoandika, ila kanisani huwa hamkitaji. Ni kimea. Waluhya hukiita mamera, Wajaluo hukiita thowi, na kazi yake inajulikana: bila kimea hakuna busaa. Hata viwanda vikubwa vya bia huanzia hapo hapo, isipokuwa kimea chao ni cha shayiri.

Kwa hivyo tukikitaja kwenye mkutano, akina mama hutazamana na kucheka, na wazee wa kanisa hukohoa. Tena kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, mara nyingi na nyanya aliyeketi nyuma: "Sasa mwalimu, mtoto akinyweshwa hiyo, si atalewa?" Hapana, nyanya. Kimea ni nafaka iliyochipuka ikakaushwa, basi. Pombe haipatikani mpaka hamira iingie ndani ya ule uji na uachwe uchachuke kwa siku kadhaa. Uji tunaoufundisha hapa hupikwa na kunywewa siku hiyo hiyo.

Mbona tunajisumbua na jambo hili? Ni kwa sababu ya tumbo la mtoto.

Mtoto wa mwaka mmoja anayenyonya bado anahitaji kalori kama 550 kila siku kutoka kwa chakula kingine. Sasa angalia uji wetu wa kawaida. Kikombe cha mililita 250 huwa na unga wa gramu 25 hivi, kilichobaki ni maji. Hizo ni kalori 85 tu. Ili afikishe 550, mtoto huyo atahitaji zaidi ya vikombe sita kwa siku. Nani amewahi kuona mtoto wa mwaka mmoja akimaliza vikombe sita? Anakunywa viwili, tumbo linajaa, analala. Mama anasema ameshiba, na kweli ameshiba, lakini ni maji. Ukienda kliniki, mstari kwenye kitabu chake umelala.

Mama anaweza kusema, "Basi nitaongeza unga." Akiongeza unga hadi gramu 50 kwa kikombe, uji unakuwa mzito kama ugali mlaini. Mtoto anautema, au unamkwama. Hapo ndipo kimea kinaingia. Nafaka inapochipuka hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amilesi, ambacho kazi yake ni kukatakata wanga. Ukitia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika uji mzito ulio moto, baada ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako, na mtoto anaweza kuunywa. Unga wote bado umo ndani. Sasa vikombe vitatu na kidogo vinatosha badala ya sita.

Jambo hili si geni. Mwaka 1983 watafiti Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Sweden walichapisha kazi yao juu ya uji wa watoto uliolegezwa kwa unga wa nafaka iliyochipushwa, na kule Tanzania jina lililotumika kwa unga huo ni hili hili, kimea.

Lakini hapa tunaomba msikilize sana, kwa maana ndipo wengi hukosea. Kimea hakiongezi chakula. Kinakupa nafasi wewe ya kuongeza unga. Mama akipika uji mwepesi kama wa siku zote, halafu atie kimea ndani, uji utazidi kuwa mwepesi na mtoto hatapata kitu cha ziada. Amepoteza kimea chake na wakati wake.

KUANZIA SHAMBANI

Kimea kizuri huanzia shambani. Tumechagua wimbi kwa sababu linastawi kwetu, lina kalisi zaidi ya mara kumi ya ile iliyo kwenye mahindi, na kimea chake ni salama kwa mtoto. Mtama pia hutoa kimea chenye nguvu, ila chipukizi na mizizi yake ina kitu kinachogeuka kuwa sayanaidi, ambayo ni sumu. Wenye kutengeneza busaa hawajali sana, lakini kwa mtoto mdogo tumieni wimbi.

Pandeni kwa mistari. Tunajua wazee walimwaga mbegu kwa mkono, na ndiyo maana watu wamechoka na wimbi, kwa sababu palizi yake inavunja mgongo. Kuna gugu ambalo ni ndugu yake wimbi, na likiwa dogo hata mkulima mzoefu hawezi kulitofautisha. Ukipanda kwa mistari shida inapungua: kilicho nje ya mstari ni gugu, king'oe. Acha sentimita 30 kati ya mistari, kina kisizidi sentimita 3. Mbegu ni ndogo sana, kwa hivyo ichanganye na mchanga mkavu ili isimwagike yote mahali pamoja. Gorogoro moja, yaani kilo 2 hivi, inatosha ekari. Wiki ya pili au ya tatu punguza miche, ubakishe sentimita 10 hivi kati ya mmoja na mwingine. Mahali penye kayongo, ing'oe kabla haijatoa maua, kwa maana mmea mmoja huacha maelfu ya mbegu ardhini. Mbegu za P-224 na U-15 zinajulikana kwetu. Muulizeni afisa wa kilimo ni ipi inayovumilia zaidi huko kwenu ugonjwa wa blasti, ule unaonyausha shingo la suke na kuacha vidole vitupu.

Mavuno huja baada ya miezi mitatu hadi minne. Masuke hayakomai pamoja, kwa hivyo kateni kwa kisu mara mbili au tatu, mkichukua yale yaliyogeuka rangi ya kahawia.

Katika sehemu nyingi watu huyarundika masuke siku kadhaa yapate joto, ili yapurike kwa urahisi. Kwa wimbi la ugali haina neno. Kwa kimea ni hasara tupu: lile joto huua uhai wa mbegu, na mbegu iliyokufa haichipuki. Lile la kimea litengeni, mlianike mara moja juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Baada ya kupura na kupepeta, anikeni tena. Kupima ukavu, tieni wimbi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, mtikise, mwache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, bado kuna maji. Wimbi likikauka vizuri hukaa miaka bila kuliwa na wadudu, jambo ambalo mahindi hayawezi.

KUCHIPUSHA NA KUKAUSHA

Kwanza jaribuni mbegu. Hesabuni punje 100, mziweke ndani ya kitambaa chenye maji kwa siku tatu. Zikichipuka chini ya 80, wimbi hilo lipelekeni kwenye mashine ya kusaga, msilifanye kimea. Zile zisizochipuka ndizo huoza na kuambukiza wenzake. Na kamwe msitumie mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile za rangi nyekundu au waridi. Hata ukiziosha mara kumi, ile ni sumu.

Oshani wimbi mpaka maji yawe safi, mloweke usiku mmoja, mchuje. Litandazeni ndani ya kikapu au juu ya gunia safi, mfunike kwa majani ya ndizi au kitambaa chenye unyevu. Asubuhi na jioni nyunyizeni maji safi na kuligeuza kwa mikono iliyooshwa, lisijipashe joto katikati. Kisumu au Busia siku mbili hutosha. Kule kwenye baridi kama Limuru inaweza kufika siku nne. Chipukizi zikifika urefu wa sentimita moja, simamisheni. Likitoa harufu ya kuoza, au mkiona ukungu mweusi au wa kijani, tupeni lote. Msichambue ati mtoe sehemu mbaya.

Halafu kukausha, na hapa tusiwe wavivu. Kimea kibichi ni chakula cha ukungu. Tukumbuke mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini. Anikeni kimea juani, unene wake usizidi kidole kimoja, mkikigeuza kila mara, siku mbili au tatu za jua kali. Usiku kiingizeni ndani. Msikikaushe juu ya moto, maana joto kali linaua kile kimeng'enya na mtabaki na unga wa kawaida wenye harufu ya moshi. Kwa hivyo msianze kuchipusha wiki ya mvua.

Kikikauka, kisugueni kwa mikono mizizi na chipukizi zitoke, mpepete, msage. Sageni kidogo kidogo, mweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kile kimea kinachouzwa sokoni kwa ajili ya pombe msikinunue kwa uji wa mtoto, kwa maana hujui kililala wapi.

KUPIKA

Pika uji wako na unga mara mbili ya kawaida. Ukiiva, utoe motoni, uache upoe kidogo usiwe unachemka, lakini bado uwe moto. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga, ngoja dakika 10. Ukitia kimea uji ukichemka hakitafanya kazi. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke dakika 5. Hatua hii ya mwisho isirukwe: kimea kimekaa na unyevu siku nyingi na kina vijidudu, na mtoto anaweza kuharisha. Ndipo utie maziwa, au njugu zilizosagwa, au unga wa omena, maana uji wa nafaka peke yake haujengi mwili.

Chini ya miezi sita mtoto ni wa maziwa ya mama tu, hata kama nyanya amesisitiza. Na mtoto aliyekwisha kudhoofika sana, au aliyevimba miguu, apelekwe hospitali leo, asingojee kimea kikauke.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Leteni uji kama mnavyopika nyumbani. Pimeni unga mliotia kwa kila kikombe. Je, unatosha?
2. Gawanyeni uji mzito katika sufuria mbili, mtie kimea katika moja tu. Baada ya dakika 10 mnaona nini?
3. Mwanachama anataka kikundi kiuze kimea kwa wapika busaa, kwa sababu wao hulipa papo hapo. Mwingine anataka kiuzwe kwa akina mama pekee, kwa vipimo vidogo. Mtaamua vipi, na ni nani atakayeweka hesabu?