Mto Nile na Mahekalu ya Misri ya Kale

Mto Nile hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, lakini upepo mwingi huvuma kutoka kaskazini. Hivyo mashua zilipanda mto kwa tanga na kushuka kwa mkondo na makasia. Kumbuka: Misri ya Juu iko kusini, usidanganywe na ramani.

Ukipanda mto kutoka Luxor hadi Aswan, utapita mahekalu haya:

(a) Karnak: la Amun.
(b) Edfu: la Horus. Ujenzi ulianza mwaka 237 KK. Kuta zake zinaonyesha Horus akimshinda Seth, aliyemuua Osiris, baba yake Horus.
(c) Kom Ombo: la Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, pamoja na Horus.
(d) Philae: la Isis, mama yake Horus.

Hoja ya msingi: Farao alihesabiwa kuwa Horus aliye hai, hivyo kumpinga kulikuwa kumpinga mungu. Ndiyo maana hata akina Ptolemy, watawala wenye asili ya Makedonia, walijenga Edfu. Kutaja miungu pekee hakutoshi. Eleza hoja hii.

Swali: Dini iliimarishaje utawala wa mafarao?