SAFARI YA KWANZA YA ROKETI ARIANE 5

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisafisha vyombo vya maabara, palizuka ubishi katika darasa letu. Swali lilikuwa hili: kifaa kilichofanya kazi vizuri kwa miaka mingi, je, kinahitaji kupimwa upya kikihamishiwa kwenye mashine mpya? Wengine walisema ni lazima. Wengine, na mimi nikiwa mmoja wao, tulisema kwamba kufanya hivyo ni kupoteza wakati, kwani kifaa kimekwisha kujithibitisha chenyewe. Mwalimu wetu wa fizikia alitusikiliza lakini hakutuamulia. Siku ya pili yake aliniletea maelezo juu ya safari ya kwanza ya roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5, akaniambia, "Soma haya, kisha uwaandikie wenzako." Basi nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa msomaji aijue roketi yenyewe. Katika mwezi wa Novemba 1987 mawaziri wa nchi za Ulaya zilizoungana katika mambo ya anga walikutana mjini The Hague, Uholanzi, wakakubali kuunda roketi mpya ya kubeba mizigo mizito kuliko Ariane 4 iliyokuwa ikijengwa wakati ule. Mahali pa kuirushia ni Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, pwani ya Amerika ya Kusini. Wengine watauliza kwa nini Wazungu waende mbali hivyo. Jibu limo katika somo letu la jiografia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama kwenye Ikweta huchukuliwa na mzunguko huo kwa mwendo wa mita 465 hivi kila sekunde, hali aliyeko Paris huchukuliwa kwa mita 306 tu. Kourou iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki hupewa msukumo wa bure na dunia yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo Waitalia walikuwa wakirusha roketi ndogo kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kati ya mwaka 1967 na 1988.

Ariane 5 ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 700 ilipokuwa tayari kuondoka. Sehemu ya katikati ilikuwa pipa kubwa la haidrojeni na oksijeni, zilizopozwa mpaka zikawa maji maji. Kila ubavu ulifungwa roketi nene iliyojazwa fueli kavu, kiasi cha tani 237 kila moja, na hizo mbili ndizo zilizotoa nguvu nyingi ya kuinyanyua kutoka ardhini. Injini ya katikati ikiwashwa yaweza kuzimwa, bali roketi za ubavuni ni kama fataki: zikishika moto hapana wa kuzizima. Kwa hiyo injini ya katikati huwashwa kwanza, ikaangaliwa kwa muda wa sekunde saba hivi kama yaenda sawa, ndipo zile za ubavuni zinapowashwa.

Siku ya safari ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Juni 1996. Ndani ya roketi hapakuwa na mtu, ila setilaiti nne za Cluster zilizotengenezwa ili ziende pamoja kuchunguza jinsi upepo wa jua unavyokutana na usumaku wa dunia. Asubuhi ile hali ya hewa haikuruhusu watu kuiona roketi sawasawa, basi kazi ikasimamishwa zikiwa zimebaki dakika 7. Hewa ilipotakata hesabu iliendelea, na injini ya katikati ikawashwa saa 3 na dakika 34 hivi, saa za huko. Roketi ikanyanyuka vizuri. Ilipanda wima, kisha ikaanza kuinama kidogo kidogo kufuata njia yake, kama ilivyopangwa.

Sekunde 37 tangu injini ile iwashwe, yaani kama sekunde 30 tu tangu kuacha ardhi, roketi iligeuka ghafula. Ilipinda hata upepo ukaipiga kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 20, roketi za ubavuni zikaanza kung'oka, na hapo mtambo wa usalama ukailipua yote, kama ulivyowekwa kufanya. Ilikuwa juu kiasi cha mita 3,700. Vipande vilitawanyika katika eneo la kilomita za mraba 12 hivi, lenye mikoko na mbuga. Msomaji wa pwani ajua ni kazi gani kutafuta kitu katika tope la mikoko. Hata hivyo watafutaji walivipata vifaa viwili vilivyotakiwa zaidi, na kumbukumbu iliyokuwamo ikasomwa. Tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Jacques-Louis Lions, bingwa wa hisabati wa Ufaransa, ilitoa taarifa yake tarehe 19 Julai mwaka ule ule.

Vifaa hivyo viwili vilikuwa vya kupima mwendo na mwelekeo wa roketi. Roketi haioni njia. Huyajua mahali ilipo na upande inaoelekea kwa vipimo vya vifaa hivyo tu, ambavyo hupelekwa kwenye kompyuta kuu, nayo kompyuta huigeuza midomo ya injini huku na huku ili roketi iende sawa. Kifaa kimoja kilikuwa kikitumika na cha pili kilikuwa cha akiba.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Ikipewa nafasi 16, na nafasi moja ikatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zabaki 15. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuchukua 2 kumi na tano, akazizidisha pamoja, atapata 32,768. Kwa hiyo namba kubwa kabisa iwezayo kuandikwa katika nafasi zile ni 32,767. Ndani ya kifaa kile mlikuwa na namba iliyohusiana na mwendo wa roketi wa kwenda upande, si wa kwenda juu. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa katika nafasi 64, na programu ikataka kuihamishia katika nafasi 16. Kwa Ariane 4 ilikuwa ikiingia siku zote. Lakini Ariane 5 ilikuwa na nguvu nyingi na njia nyingine, na mwendo wake wa kwenda upande uliongezeka mara tano upesi zaidi. Namba ikapita kikomo.

Nilipowaeleza wenzangu bwenini, mmoja wao alisema, "Kumbe kifaa kilikosea hesabu." La, hakikukosea, na hili ndilo lililonichukua siku mbili kulifahamu. Tuseme kwamba mwalimu anajaza karatasi ya alama, na karatasi hiyo ina visanduku viwili tu kwa kila mwanafunzi. Miaka yote hakuna aliyezidi 99. Siku moja kijana mmoja anapata 100. Alama ni ya haki kabisa, ila visanduku havitoshi. Basi mwalimu huyu, kwa kuwa ameagizwa kwamba likitokea jambo lolote asiloweza kulijaza aache kazi, anaweka kalamu chini na kutoka nje, na matokeo ya darasa zima hayaonekani.

Kifaa kilifanya vivyo hivyo. Waliokitengeneza walifikiri kwamba kasoro pekee iwezayo kutokea ni kuharibika kwa chombo, kama vile waya kukatika. Kwa hiyo walikiagiza kwamba kikiona kasoro kijizime, ili kile cha akiba kishike kazi. Hilo ni shauri zuri ikiwa kweli chombo kimeharibika. Bali kifaa cha akiba kilikuwa pacha wake, chenye programu ile ile, na kilikuwa kimepewa namba ile ile. Nacho kilikuwa kimekwisha kujizima, hata kabla ya mwenzake, kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akiba ya namna hii naona ni sawa na kuchukua funguo mbili za kufuli moja: kufuli ikibadilishwa, zote mbili hazifai.

Kabla ya kunyamaza, kifaa kilitoa habari za kasoro yake, ili mafundi wajue kilichotokea. Kompyuta kuu haikufahamu kwamba hiyo ni habari ya ugonjwa. Ilizisoma zile namba kana kwamba ni vipimo vya safari, ikaona roketi imekwenda upande sana, ikazigeuza midomo ya injini mpaka mwisho ili kuirudisha. Roketi ilikuwa imenyooka. Ikapindishwa kwa kusahihishwa kosa lisilokuwapo.

Pengine msomaji atauliza hesabu ile ilikuwa na faida gani hewani. Haikuwa na faida yoyote! Ilikuwa hesabu ya kukiweka kifaa sawa kabla ya roketi kuondoka, na roketi ikiisha kuruka matokeo yake hayatumiki. Iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi kwa sababu ya Ariane 4. Roketi ile ya zamani ikisimamishwa katika sekunde za mwisho kabisa, kazi ya kukiweka kifaa sawa upya huchukua dakika 45 au zaidi. Hesabu ikiachwa iendelee, muda huo huokolewa. Msaada huo ulitumika mara moja, mwaka 1989. Ariane 5 ilitayarishwa kwa utaratibu mwingine na haikuuhitaji kabisa, lakini programu ilihamishwa nzima, kwa kuwa ilionekana si busara kugusa kitu kinachofanya kazi vizuri.

Hapa yanipasa kuwatendea haki wale mafundi, maana ni rahisi kumcheka mtu baada ya chungu kuvunjika. Walizichunguza namba za namna hiyo wakaona ziko saba ziwezazo kuleta matatizo. Nne wakaziwekea kinga. Tatu wakaziacha bila kinga kwa kusudi, kwa kuwa hawakutaka kompyuta ya kifaa ifanye kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa kuwa waliamini kwamba tatu hizo haziwezi kufika mbali hivyo. Kwa Ariane 4 maneno yao yalikuwa kweli. Kosa ninaloliona mimi lilikuwa mahali pengine: katika maagizo ya kutengeneza kifaa cha Ariane 5 hazikuandikwa habari za njia ya Ariane 5. Mtu hawezi kulijua joho kuwa ni fupi ikiwa hakuambiwa kimo cha atakayelivaa. Tena katika majaribio ya mwisho ya roketi nzima, vifaa vyenyewe havikuwekwa mezani. Mahali pake palitumika vipimo vya kuigiza, kwa kuwa vifaa vilihesabiwa kuwa vimekwisha kuthibitishwa. Neno hilo, "vimekwisha kuthibitishwa," ndilo nililokuwa nikilisema mimi kwa sauti kubwa katika maabara.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa ufupi. Ariane 5 ya pili iliruka tarehe 30 Oktoba 1997 lakini haikufika pale ilipokusudiwa. Ya tatu, tarehe 21 Oktoba 1998, ilifanikiwa. Setilaiti za Cluster zilijengwa upya, zikarushwa mbili mbili kwa roketi za Kirusi kutoka Baikonur mwezi wa Julai na Agosti 2000. Siku ya Krismasi mwaka 2021 Ariane 5 ilikichukua chombo kikubwa cha kutazamia nyota kiitwacho James Webb, na safari yake ya mwisho, ya 117, ilikuwa tarehe 5 Julai 2023.

Lakini kilichonihamisha upande katika ubishi wetu si hayo. Baada ya roketi kuanguka, wachunguzi waliichukua programu ya kile kifaa, wakaiweka kwenye kompyuta chini hapa ardhini, wakaipa vipimo halisi vya njia iliyopitwa na Ariane 5. Mambo yalitokea kama yalivyotokea angani, moja baada ya jingine, mpaka kuzimika. Jaribio hilo halikuhitaji roketi wala setilaiti. Lingaliweza kufanywa kabla ya Juni.