Hakutoa Mahari, Lakini ni Baba

Nchini Kenya, baba aliyepata mtoto nje ya ndoa ni mzazi kamili mbele ya sheria, na mtoto wake hawezi kuasiliwa kana kwamba hana baba. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa msomaji wa Eldoret aliyeandika kwamba mama wa binti yake wa miaka 6 ameolewa Kisumu, na mume huyo sasa anataka kumwasili mtoto. Wazee wa upande wa mama wamemwambia hana la kusema: hakutoa mahari, na jina lake halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Pesa za matunzo alikuwa akituma hadi mama alipoacha kupokea simu zake. Juzi ameletewa karatasi ya kutia sahihi.

Wazee hao wanasema jambo ambalo zamani lilikuwa na nguvu. Katika jamii nyingi, mwanamume asiyetoa mahari hakuhesabiwa kuwa na mtoto. Mtoto alikuwa wa kwa kina mama. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kwa kumpa mama peke yake wajibu wa mzazi pale wazazi walipokuwa hawajaoana, na baba akaupata baadaye kwa amri ya mahakama, kwa makubaliano, kwa kumkubali mtoto au kwa kumtunza. Katiba ya 2010 iliiondoa tofauti hiyo. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ikakazia kwamba hakuna mzazi mwenye haki kubwa kuliko mwenzake, hata kama mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Mila inayokwenda kinyume na Katiba ni batili, na mahari haiingii katika hesabu hii.

Kuasili ni tofauti na kulea. Baba wa kambo anaweza kumlisha mtoto, kumsomesha na kumpeleka hospitali bila kumwasili, na wengi hufanya hivyo kwa upendo mkubwa. Amri ya kuasili, ambayo hutolewa na Mahakama Kuu, hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na mzazi anayeachwa. Wajibu wake wa matunzo huisha, na pamoja nao huisha haki ya kumwona mtoto na ya kushirikishwa katika maamuzi ya maisha yake. Katika urithi, mtoto huhesabiwa kuwa wa wazazi waliomwasili.

Kwa sababu ya uzito huo, sheria inataka idhini ya kila mzazi. Jaji lazima aridhike kwamba aliyeitoa alielewa anachokiacha, na kwamba hakuna malipo yasiyoruhusiwa yaliyopita chini kwa chini. Karatasi iliyoletwa Eldoret isitiwe sahihi kabla wakili hajaisoma. Mzazi anayeambiwa kwamba ni ya shule au ya pasipoti ana haki ya kuisoma yote na kukaa nayo.

Hata hivyo idhini ya baba si kufuli lisilofunguka. Mahakama inaweza kuendelea bila idhini hiyo ikiona kwamba mzazi alimtelekeza mtoto, alishindwa kwa muda mrefu kumtunza, alimtesa, hapatikani, au anainyima idhini bila sababu ya haki. Hapa ndipo akina baba wengi wanapojiangusha wenyewe. Wanaona aibu kwa kukosa kazi, au wanagombana na mama, kisha wananyamaza. Miaka inapita, na mbele ya jaji kimya hicho huonekana kama kutelekeza. Kusema kwamba mama alimzuia kunasaidia pale tu kunapokuwa na dalili kwamba baba alijaribu. Kumbukumbu za M-Pesa, jumbe za simu, risiti za karo na malalamiko yaliyopelekwa kwa chifu au kwa afisa wa watoto ni ushahidi, nao ukusanywe sasa. Jaji hatauliza tu nani ana haki. Katiba inamwamuru atangulize maslahi ya mtoto, na baba anayejua binti yake yuko darasa gani na anaumwa nini hulijibu swali la maslahi hayo vizuri kuliko anayedai damu tupu.

Cheti kisicho na jina la baba ni tatizo la ushahidi tu; hakimwondolei ubaba. Zamani sheria ya uandikishaji ilizuia jina lake kuandikwa kama wazazi hawakuoana, isipokuwa pale wote wawili walipoomba. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kipengele hicho kinapingana na Katiba. Ubaba ukibishaniwa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Kwa msomaji huyu, mlango wa kwanza ni ofisi ya watoto ya serikali mahali mtoto anapoishi, yaani Kisumu. Huko aeleze kwa maandishi kwamba yupo, anapinga kuasiliwa, na yuko tayari kutunza. Mlango wa pili ni Mahakama ya Watoto, anakoweza kuomba athibitishwe kuwa baba na apangiwe siku za kumwona binti yake na kiasi cha matunzo. Kama ombi la kuasili limeshafikishwa Mahakama Kuu, aombe kujiunga na kesi na kusikilizwa. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kwenda kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kuna njia nyepesi kuliko zote hizo, nayo ni mkataba wa wajibu wa mzazi kati yake na mama: mtoto abaki Kisumu, baba wa kambo aendelee kumlea, na baba mzazi atoe matunzo na amwone nyakati za likizo. Hapo mtoto hapotezi mtu yeyote.

Amri ikiwa imetolewa tayari bila yeye kujulishwa, asikawie hata kidogo kumwona wakili. Mahakama iliyofichwa kuwapo kwa baba inaweza kuombwa iiangalie upya kesi, lakini kila mwezi mtoto anaozidi kuzoea nyumba mpya hulifanya ombi hilo kuwa gumu zaidi.